Tasnifu yako bado si muswada: jibu kwa mtafiti wa mwani

Swali: Shikamoo Profesa. Nilimaliza shahada ya uzamili mwaka jana. Tasnifu yangu ina kurasa 124. Inalinganisha ukuaji wa mwani unaolimwa kwa vigingi kwenye kina kifupi na ule unaolimwa kwa kamba zinazoelea kwenye maji ya kina, katika vijiji viwili vya pwani ya Unguja. Niliifupisha hadi kurasa 40 nikaituma kwenye jarida la kimataifa. Baada ya siku nne wakanirudishia kwa mistari mitatu, bila hata kuipeleka kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoipima kazi kabla haijachapishwa. Wiki iliyofuata nikapata barua pepe ya jarida nisilowahi kulisikia, linasema limevutiwa sana na kazi yangu na litaichapisha ndani ya siku saba kwa dola 150. Msimamizi wangu ana shughuli nyingi, ananiambia nitume popote. Nimechoka. Nifanyeje? Na akina mama waliokuwa wakinisaidia kupima mwani wananiuliza kila nikienda: majibu yako wapi?

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: hao wa dola 150 usiwajibu. Usiwajibu hata kuwakatalia. Sababu nitakueleza mbele.

Kurudishiwa kazi ndani ya siku nne kunauma, najua, lakini ndani yake mna habari ya kukufaa. Wahakiki hawakuiona kazi yako. Aliyeiona ni mhariri, na mhariri mwenye miswada mingi mezani hasomi kurasa 40. Anasoma kichwa, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) na barua ya kusindikiza, anapitisha macho kwenye majedwali na marejeleo, kisha anajiuliza: hii inawahusu wasomaji wangu? Ina jambo gani jipya? Mwandishi amesoma maelekezo yetu? Likikwama moja, kazi inarudi. Kwa hiyo sayansi yako bado haijahukumiwa na mtu. Tena wamekufanyia hisani kukurudishia mapema, maana wapo wanaokaa na muswada miezi minne ndipo waseme haufai.

Kosa ninaloliona kutoka huku niliko ni hilo la kufupisha. Ukikata kurasa 124 zikabaki 40, ulichonacho ni tasnifu fupi. Tasnifu inaandikwa ili watahini waridhike kwamba umesoma, umepima, umechambua, unastahili shahada. Msomaji wa jarida hakutahini. Anakuja na swali lake, na anataka kujua umeona nini na kwa nini akuamini. Ndiyo maana zile kurasa 30 za mapitio ya maandishi, ambazo kwenye tasnifu zilikupa alama, kwenye makala zinageuka aya tatu au nne za utangulizi: tatizo ni hili, wenzetu wamefika hapa, hapa pana pengo, sisi tumefanya hivi. Basi.

Usifupishe, anza upya. Chukua karatasi tupu, uandike kwa Kiswahili, sentensi moja tu, ulichokigundua, kama unavyomweleza mmoja wa wale akina mama. Ikikutoka sentensi yenye “pia” tatu ndani yake, una makala mbili au tatu zilizogandana, na itabidi uchague ipi itangulie. Ikikushinda kabisa, rudi kwenye data kabla ya kugusa kompyuta. Hiyo sentensi ukishaipata ndiyo itakayokuamulia jedwali lipi libaki na lipi liondoke. Panga vielelezo vyako mezani kwa mfuatano wa kuithibitisha, kisha andika mbinu, matokeo, mjadala, halafu utangulizi. Ikisiri iandike mwisho kabisa, ingawa itasomwa mwanzo.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye maneno yako mawili yaliyonishtua: “vijiji viwili”. Kama katika kila kijiji ulikuwa na mashamba ya vigingi na ya kamba zinazoelea, yote mawili, shukuru na uendelee. Lakini kama vigingi vyote vilikuwa kijiji kimoja na kamba zinazoelea kijiji kingine, una shida ambayo mhakiki wa kwanza ataigundua kabla ya kumaliza kikombe chake cha chai. Huenda mwani wa kamba umekua zaidi kwa sababu ya njia, au kwa sababu kijiji kile kina mkondo mzuri, au maji yake hayapati moto wa jua la mchana maji yanapotoka. Hata ungepima vishada 300 kila upande, bado umelinganisha mahali pamoja na mahali pengine pamoja. Vishada vya kamba moja vinaogelea maji yale yale. Havihesabiki kama majaribio 300. Mwaka 1984 Mmarekani Stuart Hurlbert aliandika makala ndefu katika jarida la Ecological Monographs juu ya kosa hili hili, na tangu hapo wahakiki wa ikolojia wanaliwinda. Kwa Kiswahili naliita marudio bandia.

Likikukuta, usilifiche. Nimehakiki miswada mingi ambamo mwandishi alilijua tatizo, akalifunika kwa maneno manene na jaribio la takwimu lenye jina refu. Halifunikiki. Una njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kupunguza dai: badala ya kusema kamba zinazoelea zinaongeza ukuaji, eleza jinsi mwani ulivyokua katika mazingira mawili tofauti, uweke vipimo vyako vya joto la maji, chumvi na mkondo, na useme waziwazi kwamba utafiti huu hauwezi kutenganisha njia na mahali. Makala ya namna hiyo inachapishika, na ni ya kweli. Ya pili ni kurudi baharini. Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi; ukiweka njia zote mbili katika vijiji vyote viwili, kwa mizunguko miwili au mitatu ya mavuno, utakuwa na kitu kilichosimama vizuri zaidi kuliko tasnifu yenyewe. Kama nguvu na nauli vipo, mimi ningechagua hii ya pili.

Jambo jingine dogo ambalo si dogo: majina ya mwani. Vijijini na kwa wanunuzi tunasema spinosum na cottonii, na kwenye tasnifu nyingi nayaona hayo hayo. Ni majina ya biashara. Spinosum ni Eucheuma denticulatum. Cottonii kwa kawaida ni Kappaphycus alvarezii, lakini Kappaphycus striatus nayo inauzwa kwa jina hilo hilo, kwa hiyo mhakiki atakuuliza uliitambuaje na nani alithibitisha. Andika jina la kisayansi kwa herufi za mlazo, litaje kamili mara ya kwanza, na ueleze mbegu ilitoka wapi. Vivyo hivyo kwenye takwimu: toa wastani pamoja na mtawanyiko wake, taja idadi ya sampuli kila mahali, na uandike thamani ya p yenyewe, mfano p = 0.03, badala ya kuishia kusema tofauti ilikuwa “ya maana”.

Kuhusu pa kutuma, msimamizi wako anaposema “popote” amechoka kama wewe, ila hapo simfuati. Jarida huchaguliwa kabla ya kuandika, maana jarida ndilo linaloamua urefu, mtindo wa marejeleo na hata namna ya kuanza utangulizi. Anza na orodha ya marejeleo yako mwenyewe: majarida yanayojirudia humo ndiyo yenye wasomaji wako. Kwa mwani utaliona Journal of Applied Phycology, utaliona Botanica Marina. Na hapo nyumbani kwako kuna Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari kilichoanzishwa 1993 na chenye makao yake Zanzibar. Vijana wengi wanaliruka wakidhani cha nyumbani ni cha chini. Mimi naona kinyume. Wanaohitaji matokeo yako wako Pemba, Tanga, Lamu, Msumbiji na Madagaska, na hilo wanalisoma bila kulipia. Ukishapata majarida mawili au matatu, soma makala tano za karibuni katika kila moja, kisha maelekezo kwa waandishi mstari kwa mstari. Utume kwa moja tu kwa wakati mmoja. Kutuma muswada mmoja kwa majarida mawili ni kosa la maadili, na wakikugundua utafukuzwa kote.

Turudi kwa wale wa siku saba. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani itokanayo na kuvu-mwani (lichen) wa kwenye mawe, ikiwa na makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaituma kwa matoleo tofauti kwenye majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bila kulipia. Majarida 157 yaliikubali. Matokeo yalitoka katika jarida la Science. Jambo moja humo liliniuma: majina ya waandishi na vyuo aliyoyabuni aliyapa sura ya Kiafrika. Wenye majarida ya kitapeli wanatujua vizuri. Wanajua tunabanwa na masharti ya kupandishwa cheo, wanajua msimamizi ana shughuli, wanajua dola 150 tunaweza kuzikopa.

Ada peke yake si dalili ya utapeli. PLOS ONE imekuwa ikitoza ada tangu ilipoanza 2006, na ni jarida halali. Tazama mambo haya yakiwa pamoja: ahadi ya siku saba, ambazo hazitoshi hata kumpata mhakiki aliye tayari, sifa nyingi kwa kazi wasiyoisoma, jarida moja linalochapisha mwani, benki na ukunga, kipimo cha ubora chenye jina linalofanana na kile maarufu cha kampuni ya Clarivate (Impact Factor) lakini si chenyewe, bodi ya wahariri ambao ukiwaandikia hawajui kama wamo. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya ufikiaji huria, au, kwa majarida ya Afrika, katika AJOL (African Journals Online), iliyoanza 1998 na sasa ina majarida zaidi ya 500. Kuwamo humo si cheti cha utakatifu, ila ni mwanzo mzuri. Na hii ndiyo sababu ya kutowajibu: wakishaona anwani yako ni hai hawatakuacha, na ukiwatumia muswada wanaweza kuuweka mtandaoni siku hiyo hiyo na kukudai fedha ili wautoe. Kazi ikishatoka huko, jarida halali haliwezi tena kuipokea. Miaka miwili yako baharini itakuwa imezikwa mahali ambapo kamati ya ajira haitapahesabu.

Ukienda kwenye jarida halali lenye ada, wachapishaji wengi wakubwa wanasamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Omba siku unayotuma. Ukisubiri mpaka makala ikubaliwe, wengi hawasikilizi tena.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nami nitalijibu: majina. Utafiti ni wako, umeandika wewe, jina lako ndilo la kwanza. Msimamizi anaingia kama alishiriki kubuni au kuchambua, ameusoma na kuurekebisha muswada, ameridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuubebea dhamana. Hayo ndiyo masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na majarida mengi ya sayansi nyingine yanayafuata. Mkuu wa idara haingii kwa ukuu wake. Mfano ninaoupenda ni wa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Walimu walimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, alirudi Dar akataka lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika Physics Education, na jina la kwanza ni la Mpemba. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lile, na wanaliita kwa jina lake. Mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu alikaa nyuma ya mwanafunzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa haki. Kaa na msimamizi wako mkubaliane majina na mpangilio kabla ya kutuma, na mkubaliane kwa maandishi.

Vibali visikukwaze dakika ya mwisho. Jarida litataka namba ya kibali cha utafiti, na Zanzibar ina utaratibu wake mbali na ule wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wa Bara. Kama uliwahoji wakulima, hata maswali kumi, litataka pia kibali cha maadili na maelezo ya jinsi walivyoridhia. Kibali cha maadili hakitolewi baada ya kazi. Kama hukuwa nacho, sehemu ya mahojiano iache nje ya makala.

Lugha: andika Kiingereza chepesi, sentensi fupi, jambo moja kila sentensi. Mhakiki anasamehe kosa la sarufi kuliko sentensi isiyoeleweka inasema nini. Mpe mwenzako asiye wa bahari aisome kwa sauti. Akijikwaa, hapo ndipo pa kurekebisha. Programu za akili bandia zinaweza kukusaidia kunyoosha lugha, lakini majarida mengi sasa yanataka useme umezitumiaje, hayakubali ziandikwe kama mwandishi, na mimi nakusihi usiziachie marejeleo hata moja. Zinatunga makala zisizokuwapo, zikazipa na majina ya watu wa kweli. Kila rejeo lifungue kwa mkono wako.

Siku ya kutuma, tenga mchana mzima, na usingoje usiku ule ambao bando linakwisha. Mfumo utakuomba ikisiri, faili la muswada, vielelezo mbalimbali kwa ubora unaotakiwa, namba yako ya ORCID, ya kukutambulisha kama mtafiti, ambayo unaipata bure, tamko la ufadhili na la mgongano wa maslahi, mara nyingine na majina ya wahakiki unaowapendekeza. Wapendekeze watu ambao umewasoma na hamna udugu wa kazi. Barua ya kusindikiza iwe nusu ukurasa: tuliuliza nini, tumeona nini, kwa nini wasomaji wenu watajali, na kwamba kazi haiko kwenye jarida jingine. Sema humo kuwa imetokana na tasnifu iliyoko maktaba ya chuo. Wanapima kufanana kwa maandishi kwa programu, na tasnifu yako itaonekana tu; ukiwa umeshasema, mhariri anaelewa.

Kisha subiri. Miezi mitatu ikipita kimya, andika kwa adabu kuuliza. Majibu yakija yatakuwa na maoni, pengine makali. Mhakiki wa makala yangu ya kwanza aliandika kurasa tatu, na sentensi yake ya kwanza ilinivunja moyo hivi kwamba nilifunga barua nikakaa nayo miezi mitano. Nilipoifungua tena nikakuta maoni 14, na 11 kati yake yalikuwa kazi ya siku mbili. Lakini muda waliotupa ulikuwa umekwisha, ikabidi tuanze tena kama muswada mpya. Mwenzangu niliyeandika naye alikuwa akisubiri makala ile kwa ajili ya kazi, na kazi ikampita. Hilo sijalisahau.

Kwa hiyo wewe soma maoni, lala, siku ya pili yanakili yote kwenye faili moja na chini ya kila moja andika umefanya nini na kwenye mstari upi. Unapokubali, badilisha na uoneshe. Unapokataa, toa sababu na rejeo, bila hasira: “Tunashukuru kwa hoja hii. Tumeacha kipimo cha naitrojeni kwa sababu sampuli hazikuhifadhiwa kwenye baridi, na tumelisema hilo katika mbinu.” Jibu kama hilo mhakiki analiheshimu. Wakikukataa kabisa, rekebisha walichosema kabla ya kwenda jarida la pili. Watafiti wa mwani si wengi, na muswada wako unaweza kuangukia mikononi mwa mtu yule yule.

Na akina mama. Hao usiwasubirishe mpaka makala itoke. Majina yao yaweke kwenye shukrani kama wameridhia, kwa sababu vipimo vile vilipita mikononi mwao. Halafu ile sentensi moja ya Kiswahili niliyokuomba uiandike mwanzo, iongezee ukurasa mmoja: tulipima nini, mwani ulikua vipi wapi, kipi bado hatuna hakika nacho. Piga nakala za kutosha uwapelekee. Usiende siku za bamvu, maji yanapotoka mbali, watakuwa shambani. Nenda maji yakiwa mafu, utawakuta nyumbani.